Msururu wa Filamu za Marvel katika Banda la Video la Maweni, Malindi: Uzoefu Wangu

Tikiti niliyonunua ilikuwa ya msururu mzima, kuanzia Iron Man ya 2008 hadi Avengers: Endgame ya 2019, filamu zikionyeshwa usiku kwa mpangilio wa kutoka kwake. Banda lenyewe halina makuu: mabenchi ya mbao, projekta inayotoa picha safi, spika zenye kishindo na mama anayeuza viazi karai mlangoni. Kuhusu huduma sina la kulalamikia ila joto. Ninachotaka kukieleza ni filamu zenyewe, kwa sababu mtu akizitazama kwa kufuatana huanza kuziona kamba walizofungwa waigizaji, jambo lisiloonekana upesi anapotazama mojamoja.

Robert Downey Jr., anayeigiza Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, ndiye aliyepata uhuru mkubwa. Filamu ya kwanza ilianza kupigwa muswada wake ukiwa haujakamilika, hivyo yeye na mwongozaji Jon Favreau wakawa wanayabuni maneno mengi palepale, na ndipo Tony Stark alipopata ule ulimi wake wa kejeli. Kwa bahati mbaya mafanikio hayo yaligeuka kuwa mizani. Mashujaa waliofuata, awe mganga wa mazingaombwe au mtu wa ukubwa wa sisimizi, hutania kwa namna ileile katikati ya hatari, kana kwamba wote wameshonewa kanzu kwa kipimo cha mtu mmoja.

Kisha kuna mikataba. Chris Evans alipotakiwa kuigiza Captain America alisita sana, kwani alikuwa akidaiwa filamu tisa, na alikubali zilipopunguzwa kuwa sita. Vijana wa banda husema steringi hafi, lakini hapa kinachomlinda steringi ni karatasi aliyotia saini, na mtazamaji anayejua kwamba bado anadaiwa filamu nyingine hawezi kushtuka akimwona anazama. Hata mabadiliko ya mhusika hayaruhusiwi kudumu. Mwishoni mwa Iron Man 3 ya 2013 Stark analipua mavazi yake yote ya chuma, uamuzi mzito ambao Downey anauigiza kwa utulivu wa kupendeza. Katika Avengers ya 2015 anaonekana tangu mwanzo akiruka ndani ya vazi jingine. Jirani yangu kwenye benchi aliuliza kwa sauti limetoka wapi tena, na hakuna aliyemjibu.

Mapigano nayo yanafanana mno, na sababu inajulikana. Mwongozaji wa Argentina, Lucrecia Martel, aliyewahi kuitwa kwa mazungumzo kuhusu filamu ya Black Widow, alisimulia kwamba aliambiwa asijishughulishe na sehemu hizo, kwa kuwa wapo wengine wa kuzishughulikia. Mimi sehemu hizo ndizo nilizozitumia kwenda kununua viazi.

Iliyonirudisha kwenye benchi ni Black Panther ya 2018. Chadwick Boseman, anayeigiza mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, alishikilia kwamba mfalme wa nchi ambayo haijawahi kutawaliwa na wakoloni hawezi kuzungumza kwa lafudhi ya Uingereza wala ya Marekani, na John Kani wa Afrika Kusini, aliyeigiza baba yake, ndiye aliyeingiza Kixhosa katika mazungumzo yao tangu Captain America: Civil War ya 2016. Lupita Nyong'o alipotokea banda lililipuka kwa vifijo, kama ilivyotarajiwa, ila nilichokipenda zaidi ni kwamba mhusika wake, Nakia, ana msimamo wake na anambishia mfalme bila kulazimika kuchekesha. Hata hivyo, pambano la mwisho kwenye reli ya chini ya ardhi linamgeuza Boseman pamoja na Michael B. Jordan kuwa vibonzo vya kompyuta, baada ya waigizaji hao wawili kutuonyesha wanavyoweza kupambana kwa macho tu.

Ninaupa msururu huu nyota tatu kati ya tano, na banda nne. Anayependa uigizaji kuliko milipuko asinunue tikiti ya msururu mzima. Alipie ya 2008, ya 2018 na ile ya 2019 ambamo mkataba wa Downey unaisha na Stark anaruhusiwa, hatimaye, kufa.