Mpaka sungura aseme "sizitaki mbichi hizi": kinga za mepo mchanga, kuanzia ninayoipenda hadi niliyoitupa

Mepo wangu wa kwanza haukufa kwa baridi. Uliliwa.

Niliununua Oktoba 2023 hapa Des Moines, Iowa, aina ya Bloodgood, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, majani mekundu ya kukolea kama juisi ya rozela. Kama hujawahi kuuona, lijue lile jani la bendera ya Kanada: huu ni binamu yake wa Japani, mwembamba wa vidole. Lebo ilisema unastahimili ukanda wa 5, na kwenye ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani sisi tuko 5b, ambako usiku mkali kuliko wote wa mwaka kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 23 na 26 chini ya sifuri. Muuzaji akanichagulia na kinga kabisa: bomba jeupe la plastiki la kujiviringisha kwenye shina, inchi 24. "Inatosha kabisa," akasema. Nikalipa, nikarudi nyumbani najiona mkulima.

Ikaja Januari 2024. Waliokuwa Iowa wanaikumbuka wiki ile ya kuelekea kokasi, ile mikutano ya vyama ya kuchagua mgombea urais: theluji nzito, halafu nyingine juu yake, kisha baridi iliyowafanya hata wagombea urais wafute mikutano. Kwenye kona ya uzio wangu upepo ulirundika theluji hadi magotini. Piga hesabu. Bomba inchi 24, theluji inchi 18, kinga iliyobaki ni inchi 6. Sungura hakuhitaji kuruka. Theluji ilikuwa kigoda chake, akaketi akala kama yuko hotelini na bili analipa mwingine.

Machi theluji ilipoyeyuka nikaona pete nyeupe kuzunguka shina, juu kidogo ya bomba, na vitawi vimekatwa mshazari kama kwa kisu. (Mkato safi wa mshazari ni sungura. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, hunyofoa na kuacha nyuzinyuzi.) Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia ngozi ya ndani ya gome, pete ikizunguka shina lote, njia imezibwa. Mei mti ukachipua kutoka chini, nikapiga vigelegele, mpaka majani yalipofunguka. Kijani. Bloodgood ni mti wa kubebesha, kama miembe ya kubebesha kule nyumbani: juu mwekundu, chini mche wa kawaida uliotokana na mbegu. Sungura alimaliza ule nilioulipia, akaniachia ule wa chini.

Dhamana ya mwaka mmoja? Maandishi madogo yanasema uharibifu wa wanyama hauhusiki. Niliyasoma nikiwa nimesimama kaunta, risiti mkononi, nyuma yangu foleni.

Kwa hiyo hapa sitapima mambo ambayo kila lebo inakueleza. Unene wa kitambaa, rangi, miaka ya kudumu, hayo soma mwenyewe. Mimi nina swali moja tu: siku theluji imejaa, kinga yako inabaki na kimo gani juu yake? Kanuni yangu ni hii: chukua theluji nyingi zaidi uliyowahi kuiona mahali hasa ulipo mti, ongeza futi mbili. Si theluji ya uwanjani, ni ya pale pale penye mti, maana penye uzio au ukuta hurundikana mara mbili.

Ya kwanza: wavu wa chuma wenye kimo cha inchi 36

Hapa sibishani na mtu. Ni ule wavu mgumu wa matundu ya robo inchi, uliopakwa zinki ili usipate kutu, si wavu wa kuku. Wavu wa kuku humzuia sungura akiwa na adabu. Theluji ikiulalia unapinda, na penye kupinda anapata pa kuegemea. Matundu ya robo inchi yana faida ya pili: yanamzuia na panya wa shambani, yule anayechimba njia chini ya theluji na kuguguna shina kwenye usawa wa udongo bila wewe kuona kitu hadi majira yabadilike. Ndiyo maana zika inchi mbili au tatu za chini ardhini, na ufanye hivyo kabla udongo haujaganda, la sivyo utakuwa unachimba saruji.

Ninaonunua mimi ni wa YARDGARD. Nimejaribu mwingine usio na jina, ukashika kutu msimu wa kwanza; tangu hapo sigeuki, mniite wakala wao mkitaka.

Sasa ujanja wa madukani. Ule wa inchi 24 huuona umetundikwa palepale penye miche, ndani ya karatasi yenye picha ya sungura. Wa 36 na wa 48 niliupata nyuma kabisa, upande wa vifaa vya ujenzi, karibu na mabati, na kwa urefu uleule wa futi nilipiga hesabu nikaona ule mfupi wenye picha ya sungura una bei ya juu. Yaani unalipa zaidi upate kimo kidogo, kwa sababu kimeandikwa "bustani". Na ukienda mwishoni mwa Novemba, watu wote wameshtuka, rafu tupu. Nenda Septemba.

Roli la futi 10 linatosha mti mmoja: linatoa duara la upana wa futi tatu hivi, nafasi ya matawi ya chini kukaa ndani bila kugusa wavu. Wavu usibane shina hata kidogo. Tawi likiegemea matundu, sungura atalila kupitia hapo hapo. Utahitaji mkasi wa bati, glavu nene (niulizeni mimi na vidole vyangu) na vigingi vitatu. Funga kwa waya mwembamba. Penye kona kama yangu chukua wa 48 bila kujiuliza.

Ya pili: Plantskydd

Ni dawa ya kupulizia iliyoanzia Sweden, na kiungo chake kikuu ni damu kavu ya mifugo. Sungura na kulungu ni wala majani, harufu ya damu inawaambia hapa kuna hatari. Inanata kwenye gome, na watengenezaji wanasema kwa mti uliopumzika bila majani inaweza kushika hadi miezi sita ya baridi. Kwangu imeshika msimu mzima kwa kupuliza mara moja. Wasomaji wenzangu Waislamu, damu yenyewe inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, basi someni lebo kabla ya kuishika.

Kwa nini ya pili, wakati haina kimo cha kupitwa na theluji? Kwa sababu unapuliza hadi unapofika, na watu wengi hupuliza shina wakasahau vitawi vya juu, ambavyo Januari ndivyo vitakuwa mdomoni mwa sungura. Puliza siku kavu, kabla baridi haijashika, mpaka kileleni. Siku ya kwanza inanuka. Mwenzangu wa nyumbani alidhani kuna kitu kimekufa chini ya baraza.

Ya tatu: gunia

Shangazi mmoja wa Kigoma aliyeko Omaha aliniandikia akilalamika kwamba aliufunga mepo wake gunia gubigubi, ukaliwa vilevile. Ndiyo, shangazi yangu. Gunia si kinga ya meno. Kazi yake ni upepo mkavu, na jua la alasiri linalochemsha gome upande wa kusini-magharibi kisha usiku likaganda na kupasuka. Piga vigingi, zungushia gunia kama ua wa makuti, nje ya wavu, usiliviringishe kwenye matawi. Juu acha wazi.

Usinunue gunia la bustani. Narudia, usinunue. Mafundi wa zege hutumia kitambaa hicho hicho kufunikia saruji isikauke haraka, nami nilikipata huko kwa bei ya chini. Mimi mwenyewe siku hizi naenda kwa mkaanga kahawa mmoja hapa mjini, ananipa magunia matupu bure. La mwaka jana lilikuwa limepigwa chapa ya Tanzania. Nikalisimamisha kwenye theluji ya Iowa, nikalitazama dirishani kama jamaa aliyekuja kunitembelea bila koti.

Zilizobaki, kwa ufupi

Matandazo ya vipande vya gome au mbao, inchi tatu hadi nne, ni lazima, lakini si mashindano: yanalinda mizizi, ambayo kwa mepo wa Kijapani haivumilii baridi kama matawi. Yaache mbali na shina, maana yakirundikwa kama mlima panya anajenga humo. Mwenye mti kwenye chungu asihangaike na kununua chochote. Mizizi ya chunguni huanza kufa kwenye nyuzi kama 10 chini ya sifuri, kwa hiyo usogeze gereji isiyo na hita, nje ya upepo, umwagilie kidogo udongo ukikauka.

Karatasi nyeupe ya kuviringisha shina ni nzuri kwa jua, funga Novemba, toa Aprili. Meno inayachelewesha dakika mbili.

Dawa za kupaka majani yasipoteze maji ziko kila kaunta. Kwa mti wa kijani mwaka mzima sawa. Mepo wako Desemba hauna hata jani moja, sasa unapaka nini?

Bomba la plastiki la inchi 24: nimeshasema.

Msimu uliopita nilinunua mepo mwingine mwekundu, aina ya Emperor 1, kwa sababu huchelewa kufungua majani kuliko Bloodgood na hivyo hukwepa baridi ya mwisho ya Aprili. Nilipofika kulipa, muuzaji, si yule, mwingine kijana, akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo nyuma yake akaleta lile bomba jeupe. Nikamwomba futi ya kupimia. Akacheka, akadhani natania.

Ule wa kijani sikuung'oa. Umefika kifuani sasa, una matawi manne, na Oktoba hii nimeununulia wavu wake, wa 48.