Kifurushi cha intaneti cha wachezaji gemu: unalipia nini hasa?

Karibuni watazamaji. Leo sina simu wala konsoli ya gemu hapa mezani. Bidhaa ninayoichambua haishikiki: ni ile huduma ya intaneti inayotangazwa kuwa maalumu kwa wachezaji gemu, yenye ada ya ziada kila mwezi na ahadi ya pingi ya chini, yaani muda mfupi wa data kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha mechi) na kurudi. Siwezi kuichambua bila kugusa sheria, kwa sababu thamani yake inategemea mtoa huduma ameruhusiwa kufanya nini na data zako.

Tuangalie Marekani, ambako kanuni za usawa wa mtandao, zinazomtaka mtoa huduma azitendee data zote sawa, zimewekwa na kuondolewa mara nyingi. Mwaka 2015 Tume ya Mawasiliano, FCC, ilipiga marufuku mambo matatu: kuzuia huduma halali, kuibana kasi yake makusudi, na kupokea malipo ili data za kampuni fulani zipite mbele ya za wengine. Desemba 2017 tume hiyohiyo, chini ya mwenyekiti mwingine, ikaziondoa kanuni hizo kwa kura tatu dhidi ya mbili. Aprili 2024 ikazirudisha, tatu kwa mbili tena. Mahakama ikazisimamisha, na tarehe 2 Januari 2025 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Sita ikaamua kwamba FCC haina mamlaka ya kuziweka. Kilichobaki ni sheria za majimbo. California ina yake tangu 2018. Anayeishi kwenye jimbo lisilo na sheria ya namna hiyo hana kinga hiyo.

Kwa nini jambo hili limguse mchezaji gemu kuliko anayetazama filamu? Filamu hujipakia mapema, ikichelewa kidogo hata huoni. Mechi haiwezi kupakia mapema kitu ambacho mpinzani wako bado hajakifanya. Na data zenyewe ni chache: gemu nyingi za mtandaoni hazifiki hata megabaiti 200 kwa saa. Kinachoumiza ni muda wa pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kwenda kwenye seva na kurudi, na pakiti zinazopotea njiani. Unabonyeza kufyatua, picha inaganda, ikirudi umeshauawa. Pima kasi dakika hiyohiyo na utaona megabiti 300 kwa sekunde, kama ulivyouziwa.

Mfano uko kwenye hati za mahakama. Februari 2017 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliishtaki Charter, kampuni ya intaneti iliyokuwa imeinunua nyingine, Time Warner Cable, mwaka uliotangulia. Dai mojawapo lilikuwa kwamba kampuni iliacha sehemu zinazounganisha mtandao wake na mitandao mingine zijae, huku ikiwaahidi wateja huduma ya uhakika. Wachezaji wa League of Legends walitajwa waziwazi. Kwa mujibu wa mashtaka, waliteseka na ucheleweshaji na upotevu wa pakiti kuanzia 2013 mpaka Agosti 2015, pale Riot Games, wenye gemu, walipokubali kuilipa Time Warner Cable. Desemba 2018 kesi iliishia kwenye makubaliano ya dola milioni 174.2, na kati ya hizo milioni 62.5 zilikuwa za kuwarudishia wateja fedha moja kwa moja.

Hapa naomba tutulie kidogo. Katika madai hayo, hakuna aliyeifungia gemu. Mlango uliachwa mwembamba ukajaa, basi. Hata zile kanuni za 2015 hazikuweka katazo la wazi kwenye miunganisho hiyo. FCC ilisema itashughulikia malalamiko moja baada ya jingine. Kesi ya New York ilisimama juu ya sheria inayomlinda mlaji dhidi ya matangazo ya uongo. Kwa hiyo mimi nataka vyote viwili: kanuni ya usawa wa mtandao, na sheria inayombana muuzaji atimize alichotangaza. Moja bila nyingine inaacha upenyo. Na Riot walikuwa na uwezo wa kulipa. Studio ya watu watano iliyotoa gemu nzuri itatoa wapi? Wewe hutajua kamwe kosa lilikuwa la nani, utaifuta tu ukisema ni mbovu.

Kuna na upande wa bando, hasa kwa gemu za wingu, yaani zinazoendeshwa kwenye seva za mbali huku wewe ukiletewa picha tu. GeForce Now, huduma ya namna hiyo ya Nvidia, inataka megabiti 25 kwa sekunde ili upate picha ya 1080p kwa fremu 60. Ukizitumia zote, saa moja inakula zaidi ya gigabaiti 11. Sasa mtoa huduma akiwa na huduma yake ya gemu ambayo haihesabiwi kwenye bando, na ya mshindani inahesabiwa, mashindano yameisha bila mtu kubana kasi. India ililiona hilo mapema: Februari 2016 mdhibiti wake, TRAI, alikataza kutoza bei tofauti kulingana na maudhui.

Turudi kwenye kifurushi chenyewe. Hakiwezi kusogeza seva karibu. Mwanga ndani ya nyaya za faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo umbali wa kilomita 2,000 itakugharimu milisekunde 20 kwenda na kurudi, ulipe usilipe. Hakiwezi pia kutibu foleni iliyo ndani ya ruta yako wakati mwenzako nyumbani anapakua faili kubwa. Hiyo unaitibu kwa kuwasha mpangilio wa foleni kwenye ruta, kama unao, bila ada ya mwezi.

Inawezekana kupunguza ucheleweshaji bila kumbagua mtu, na hilo linanipa matumaini. Januari 2025 kampuni ya intaneti ya Marekani, Comcast, ilianza kusambaza L4S, teknolojia inayopunguza foleni za data kwenye mtandao, ikishirikiana na Apple, Meta, Nvidia na Valve. Kiwango hicho ni cha wazi, mtengenezaji mdogo naye anaweza kukitumia.

Kwa hiyo uamuzi wangu: usinunue kabla hujapima. Unganisha kwa waya, pima pingi ya seva ya gemu yako asubuhi, kisha usiku watu wanapojaa, kwa siku kadhaa. Usiku ikipanda wakati hakuna anayepakua nyumbani, huenda tatizo liko kwa mtoa huduma. Mpelekee vipimo vyako na umdai kile unachokilipia tayari. Akikujibu kwamba dawa ni kifurushi cha gemu, mwombe aandike kwenye mkataba pingi utakayopata na fidia usipoipata. Akikataa kuandika, mimi nisingelipa.