Uzoefu wangu na CD ya muziki wa To Kill a Mockingbird

Kasha lilifika limepasuka kona, na muuzaji wa mitumba niliyemwandikia mtandaoni hajanijibu hadi leo. Diski yenyewe, namshukuru Mungu, haina hata mkwaruzo.

Ni muziki wa ile filamu ya 1962, ya wakili Atticus Finch na watoto wake wawili huko Alabama. Mtunzi ni Elmer Bernstein. Anayenunua ajue kwamba hii si rekodi iliyomo kwenye filamu. Ilipigwa upya miaka ya 1990, Bernstein mwenyewe, tayari mzee, akiiongoza Royal Scottish National Orchestra.

Nilitoa pesa kwa ajili ya kipande cha kwanza. Piano peke yake, kule kwenye sauti nyembamba, noti moja moja, kama mtoto anayeutafuta wimbo kwa kidole kimoja. Kisha filimbi na kinubi vinaingia polepole, na fidla zinapofika kifua kimeshajaa, wala hakuna aliyekupigia kelele. Ni mtu yuleyule aliyeandika muziki wa filamu ya The Ten Commandments mwaka 1956, wenye ukubwa wa bahari kugawanyika! Bernstein alisimulia kwamba safari hii alikaa wiki kadhaa hana hata noti moja, mpaka alipong'amua kuwa kisa kizima kinatazamwa kwa macho ya watoto. Tangu nilijue hilo, hata vile vipande vya kutisha navisikia tofauti: ni hofu ya mtoto anayepita mbio mbele ya nyumba ya jirani asiyetoka nje, huku nusu anatamani amwone.

Kasoro zipo. Katikati vipande vya hofu vimefuatana mno, na bila picha mbele yako vinachosha. Mimi huviruka viwili vitatu. Pia usitafute muziki wa mahakamani. Kwenye filamu kesi inaendeshwa bila muziki, basi ukiwa unaijua hadithi utahisi umerukishwa kurasa nyingi. Na piano ya rekodi hii ni safi kupita kiasi kwa sikio langu. Ya kwenye filamu, iliyopigwa na John Williams kabla dunia haijamjua kwa muziki wa Star Wars, ina ukimya fulani kati ya noti ambao hapa siupati.

Isikilize usiku, kwa spika za masikioni. Niliijaribu kwenye gari, mwanzo wote ukamezwa na injini, nikaanza kusikia kitu fidla zilipoingia. Kama unataka matarumbeta na kwato za farasi, Bernstein anayo hayo pia: tafuta muziki wa filamu ya The Magnificent Seven ya 1960, hii iache kwa wengine.

Nimeipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama wangepunguza vile vipande vya katikati.