Kupima Bakteria wa Tumbo Baada ya Dozi: Maabara Moja ya Moshi

Maabara ninayoizungumzia ni ya binafsi, iko katikati ya mji wa Moshi, na sababu ya kuisifia ni swali moja linaloulizwa kabla ya risiti kuandikwa: je, umeshawahi kutumia dawa za Helicobacter pylori, yaani bakteria wa vidonda vya tumbo? Nilipojibu kwamba nimetoka kumaliza dozi, mtaalamu hakukubali kunitoa damu, ingawa kipimo hicho ni cha bei nafuu na majibu yake hutoka upesi.

Maelezo yake yalikuwa sahihi. Kipimo cha damu hakimtafuti bakteria mwenyewe, bali kingamwili ambazo mwili ulitengeneza dhidi yake. Bakteria huyu anapojichimbia katika ute unaofunika ukuta wa tumbo, seli za ukuta huo hutoa kemikali zinazoita chembe nyeupe za damu, na baadaye kingamwili husambaa mwilini. Lakini nguvu yote hiyo kwa kawaida haimwondoi, kwa kuwa bakteria hutengeneza amonia inayopunguza makali ya asidi ya tumbo, mikia yake ya kuogelea haiamshi kinga ipasavyo, na tena huchochea zile seli T (aina ya chembe nyeupe za damu) ambazo kazi yake ni kutuliza mapambano. Bila dawa anaweza kukaa tumboni maisha yote, huku uvimbe unaoletwa na kinga yenyewe ukiendelea kuumiza ukuta wa tumbo. Hata akishakufa, kingamwili hubaki katika damu kwa miezi, pengine miaka, hivyo aliyepona anaweza kuambiwa “chanya” na kumezeshwa dozi nyingine bure.

Badala ya kutolewa damu, nilipewa kikopo cha kuwekea choo, nikaelekezwa nirudi zitakapotimia wiki 4 tangu nimalize antibayotiki, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, niiache wiki 2 kabla ya kupima, kwa sababu hupunguza bakteria kiasi cha kuwaficha.

Kasoro zipo. Mambo ya choo huulizwa mapokezini kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Bango la ukutani linalaumu pilipili kwa vidonda vya tumbo, ilhali Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyu na nafasi yake katika ugonjwa huo. Fomu ya majibu nayo haisemi kipimo kilikuwa cha damu au cha choo, jambo ambalo daktari atalihitaji. Niliomba liandikwe kwa mkono na kugongwa muhuri, nao wakafanya hivyo bila kinyongo.