TAHADHARI: Kuna mtu anauza nyumba za kaunti Mombasa, usimpe hata shilingi

Ndugu zangu wa Kisiwani, Kisauni, Likoni na Changamwe, kuna mtu anazunguka akiuza nyumba za kaunti. Nasema hizi hizi za umma, ambazo wengi wetu bado twaziita nyumba za kaunsili. Mawindo yake ni familia zilizobanana, wenye chumba na sebule na watoto wanaozidi kukua. Dada yangu na mumewe wameshaliwa 85,000. Ningenyamaza nikawaachia polisi, lakini juzi mama mwingine wa Majengo amenisimulia maneno aliyoambiwa, na ni yale yale aliyoambiwa dada.

Haji kama broka. Anajitambulisha kuwa yuko "ndani, pale hausing", kwapani ana faili la buluu lenye fomu za nembo ya kaunti, na jina hubadilisha kila mtaa. Mwanzo haulizii pesa. Anauliza watoto: wangapi, wa kike wangapi, wa kiume wangapi, mkubwa ana miaka mingapi. Kwa dada alikuta wanne, mkubwa msichana wa miaka 12, anayemfuata mvulana, na mama mkwe aliyeletwa kutoka Kwale baada ya miguu kumsumbua. Wote hao chumba na sebule. Akamgeukia yule bibi: "Bi mkubwa, hawa wa kike na wa kiume watalala pamoja mpaka lini? Kesho tutaulizwa." Maneno hayo yakishasemwa mbele ya mama mkwe, nani atajibu? Shemeji ni kibarua wa bandarini, hababaishwi kirahisi, lakini hapo alinyamaza. Huyu mtu haongopi kuhusu shida yako. Shida anaieleza vizuri kuliko unavyoweza kuieleza mwenyewe, na ndiyo maana unamwamini kwa yanayofuata.

Kisha anakupeleka kuiona nyumba, nayo ipo kweli. Vyumba vitatu, jiko lake, choo ndani. Mnapokewa na mama mmoja mtaratibu, mnapewa chai, anasema anahamia Malindi kwa mwanawe na anachotaka ni gudwili tu, yaani malipo ya kukuachia nafasi. Watu wengi wakifika hapa shaka huwaisha, maana wameingia ndani, wamefungua mfereji, wamehesabu vyumba.

Sasa sikilizeni. Yule mama si mpangaji wa kaunti. Amepangishwa na mtu mwingine ambaye jina lake ndilo liko kwenye daftari, na huenda hata huyo hajakanyaga hapo miaka. Nyumba ya kaunti hukodishwa mtu kwa jina lake. Si mali yake ya kuuza. Akiondoka, ni kaunti inayoamua nani aingie. Kwa hiyo hata kama yule mama angekuwa mpangaji halali, hana cha kukuuzia. Ukilipa na ukaingia, wewe ni mvamizi uliyelipia uvamizi wako, na siku ya kufukuzwa huenda ukadaiwa na kodi ambayo hukuilimbikiza wewe.

Malipo yenyewe huyakata vipande ili yasiume. 5,000 ya fomu, halafu 30,000 ya kufungua faili, halafu 50,000 ya gudwili. Zote kwa M-Pesa, kwa nambari ya mtu binafsi, na jina linalotokea ni la mwanamke asiyejulikana. Ukiuliza: "Huyo ni mhasibu wetu." Baada ya hapo unapewa barua ya mgao yenye muhuri wa kupendeza. Ya dada ninayo hapa. Jina la mtaa limeandikwa kwa tahajia mbili tofauti ndani ya ukurasa mmoja, hakuna nambari ya akaunti ya kodi, na tarehe yake ni Jumapili. Ofisi gani ya kaunti hutoa barua Jumapili?

Dada alipoipeleka kaunti, karani aliiangalia akasikitika tu. Nyumba ile ina mwenyewe kwenye daftari, tena mwenye malimbikizo ya kodi. Waliporudi mtaani, yule mama wa chai akasema hawajui, na hapo mlangoni wakakutana na familia nyingine iliyokuja na barua ya nyumba hiyo hiyo.

Tena ana hadithi ya pili kwa wale wanaosita. Husema mitaa ya zamani yote itabomolewa kama ilivyobomolewa Buxton, na atakayekutwa na jina daftarini atapewa fleti mpya bure. Buxton ya zamani ilibomolewa kweli na maghorofa yamesimama, na mipango ya kuijenga upya mitaa kama Mzizima, Khadija na Tudor imezungumzwa miaka. Anachukua hayo mnayoyajua na kuyabandika uongo wake. Zile fleti za Buxton zinauzwa, hazigawiwi.

Na sasa nasikia ameongeza biashara: nafasi za Boma Yangu, ule mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Hapa wengi wataumia, kwa hiyo nitasema kirefu kidogo. Kujiandikisha Boma Yangu ni bure, kwa kitambulisho na PIN ya KRA, kwenye tovuti yao au kwa simu kupitia *832#. Kama kusoma kunakushinda, nenda na kijana wako pale Huduma Centre ya Posta, Digo Road, uulize. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inasema nyumba za jamii ni za wenye kipato kisichofika 20,000 kwa mwezi, na kwamba mtu mmoja hupata nyumba moja. Pia inamkataza aliyenunua kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Basi mtu anayekwambia "nina yangu ya ziada Boma Yangu, nikuachie" ameshajishtaki mwenyewe.

Tena mjue mnachokimbilia. Zile za jamii zilizokabidhiwa watu Mukuru, Nairobi, Mei 2025, zilikuwa za mita za mraba 20 kwa chumba kimoja, 30 kwa viwili na 40 kwa vitatu, sebule ikihesabiwa. Mita 40 kwa watu saba kama wa kwa dada, pigeni hesabu wenyewe. Sisemi msijiandikishe. Nasema mtu akikuahidi kasri la vyumba vitatu vya kulala kupitia Boma Yangu kwa elfu themanini, mwulize kasri hilo liko wapi.

Na kaunti nayo niiseme kidogo. Laiti orodha ya wanaosubiri nyumba ingebandikwa mahali watu wakaisoma, huyu bwana asingekuwa na kazi. Yeye anauza nafasi kwenye foleni ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Kabla hujatoa pesa ya nyumba yoyote ya umma, chukua nambari ya nyumba, nenda mwenyewe idara ya nyumba ya kaunti, uliza imeandikwa jina la nani na inadaiwa kiasi gani. Usiende na broka. Na ukituma M-Pesa, lile jina linalokutokea kabla ya kuthibitisha lisome. Likiwa la mtu, simama hapo.

Aliyetuma leo leo, apeleke ule ujumbe wa muamala kwa 456 ya Safaricom haraka akaombe pesa zirudishwe. Zikishatolewa ni vigumu. Nambari za matapeli huripotiwa 333, bure. Kisha polisi, na usitoke bila nambari ya OB, lile daftari la matukio la kituo. Kosa lenyewe ni kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Na ukimjua alipo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja, na huhitaji wakili.

Sisi tumeshaandikisha taarifa polisi. Afisa ametwambia walalamikaji wakiwa wengi wenye barua za nyumba moja, kesi inakuwa na nguvu. Kwa hiyo wewe uliyelipa na unaona haya kusema, usifute ujumbe wa M-Pesa, usiitupe barua hata kama imekukera. Niandikie faragha, tupange siku twende kituoni pamoja, kila mtu na kopi ya kitambulisho chake.