Sedani ya kifahari yenye mbio: mara ya kwanza nilinunua kwa macho

Niseme ukweli tu, mi gari huwa naanza kulinunua kwa macho. Ile sedani yangu ya kwanza ya kifahari sitaitaja jina ila sura ilikuwa nayo jamani, taa zimekunja ndita, bampa liko chini, egzosi nne nyuma (mbili kumbe mapambo, niliingiza kidole nikakutana na plastiki). Shida ilikuja kwenye kukanyaga. Tabo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi) ipo, nguvu ipo, lakini zinazovuta ni tairi za mbele, kwa hiyo ukikanyaga moto ukitoka kona usukani unakupokonya mkono, tairi zinalia na gari linataka kutoka nje ya njia. Injini na giaboksi vyote vimelalia mbele, halafu tairi zile zile ndo zikate kona na ndo zivute, zitafanya lipi?

Safari hii nikasema kwanza naendesha, sura baadae. Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio kwa urembo sioni wa kuisogelea, injini ya V6 (silinda sita zilizopangwa kama herufi V) ya lita 2.9 yenye tabo mbili, farasi 510 na wote wanasukuma tairi za nyuma. Barabara ikiwa kavu ni raha tupu, ikilowa mguu wa kulia unajifunza adabu wenyewe. Nikaijaribu Audi S4 ya petroli, ile kinyume kabisa, quattro yake, yaani fowili ya Audi inayovuta tairi zote nne, kwa kawaida inagawa nguvu asilimia 40 mbele 60 nyuma, inaganda barabarani kama kupe, ila kwangu ilitulia mno, nikajiona kama abiria aliyeshika usukani.

Nikaishia kwa BMW M340i xDrive. Silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 3.0, na mpangilio huo unajibalansi wenyewe ndo maana injini haitetemi hata ukiivuta hadi juu. Sifuri hadi 100 sekunde 4.4. Lakini kilichoninunua ni fowili yake, nguvu nyingi inaenda nyuma, ya mbele inapelekwa na klachi inayoongozwa na kompyuta kadiri inavyohitajika. Siku moja mvua inanyesha naingia barabara kuu nikawahi kukanyaga, mkia ukacheza kidogo, moyo ukaruka, nikasikia mbele imeshika na gari likanyooka kabla sijamaliza kushtuka. Ile ya zamani ingeenda moja kwa moja mtaroni. Ila msidanganyane, fowili inasaidia kuondoka, kwenye kusimama haina msaada, hapo ni breki na tairi, tairi zikiisha wote tunateleza sawa.

Sura? Pua yake sio ya kuandikiwa shairi, Giulia inaishinda mbali, lakini ukiwa ndani pua huioni.

Kosa nililofanya ni langu mwenyewe, macho yalirudi tena kwenye rimu, nikachukua za inchi 19 na tairi zenye ubavu mfupi badala ya 18. Ikiwa imepaki inapendeza balaa, ila kila kiungio cha daraja nakihesabu kwa kiuno, na mke wangu ameshaacha kunywa chai akiwa siti ya mbele. Mwezi ujao narudi kwenye 18, hizi 19 anayezitaka aseme mapema.