Uzoefu wangu: nilivyomtafutia mama mkwe ukoo wake wa Massachusetts

Wadau, mi ni Mtanzania nimeolewa huku Massachusetts, Marekani, na mama mkwe kila sikukuu ya Thanksgiving lazima atangaze mezani kwamba wao walikuja na Mayflower, ile meli maarufu ya walowezi Waingereza, mwaka 1620. Alipokaribia miaka 70 nkasema zawadi yake itakuwa hiyo, mti wa ukoo, nikalipia saiti moja kubwa ya nasaba (siitaji) miezi sita kwa mkupuo.

Kwa watu wa juzijuzi hapa saiti iko poa, sitasema uongo. Sensa ya Marekani ya 1850 ndo ya kwanza kumwandika kila mtu huru kwa jina, kwahiyo kuanzia hapo unateleza tu. Ukirudi nyuma zaidi ndo balaa. Saiti inakuletea dokezo, unabonyeza kubali, linakuja lingine, kubali, hadi saa saba usiku nshafika kwa wafalme wa Uingereza, nkajiona mjanja kweli. Asubuhi naangalia vizuri, kuna babu kazaliwa Boston 1612. Boston yenyewe imeanzishwa 1630! Nafungua ushahidi wake, ni mti wa mtu mwingine, aliyenakili kwa mwingine, aliyenakili kwa yule wa kwanza. Wanazunguka tu.

Ila kilichonimaliza ni tarehe. Kuna wanandoa walifunga ndoa Aprili 1660, saiti ikasema mtoto kazaliwa 10 Desemba 1660, yani miezi nane, kama vile mimba ilitangulia ndoa, na Wapuritani, wale walowezi Waprotestanti wakali wa dini, walikuwa wanakupeleka mahakamani kwa hesabu hiyo, faini juu. Nkaanza kuwaza namwambiaje mama mkwe. Nikaingia FamilySearch, saiti nyingine ya nasaba, ni bure, nikatafuta picha ya daftari lenyewe, mwandiko kama kuku kapita, nikasoma "10: 12: 1660". Kumbe wale watu walikataa majina ya miezi ya kipagani wakatumia namba, na mwaka wao ulianza Machi, mpaka 1752 ndo Uingereza na makoloni yake wakahamia Januari. Mwezi wa 12 ni Februari! Kwahiyo mtoto kazaliwa Februari 1661 kwa hesabu yetu, miezi kumi kamili, bibi wa watu hana kosa. Kompyuta ndo ilimsingizia.

Kuanzia hapo mti wa mtu siuamini bila kuona karatasi. Hata mti wa FamilySearch ni wa pamoja, yeyote anaweza kuubadilisha, mi nachukua picha za madaftari tu. Kilichonisaidia zaidi ni American Ancestors ya Boston, jumuiya ya watafiti wa nasaba ipo tangu 1845, wana ule utafiti wa Great Migration alioanzisha Robert Charles Anderson 1988, unafuatilia waliohamia New England (eneo la kaskazini mashariki ya Marekani, Massachusetts ikiwemo) kati ya 1620 na 1640, watu kama 20,000. Hauna mbwembwe. Kama jina la ukoo la mke halijulikani wanasema halijulikani, na yale yaliyotungwa na matapeli wanayakataa wazi. Na matapeli walikuwepo kweli, kuna Gustave Anjou aliwauzia matajiri koo za kughushi, na mpaka leo vitu vyake vinaelea kwenye miti ya watu.

Saiti ya kwanza naipa nyota mbili, moja ya sensa na moja huruma, maana baada ya miezi sita walikata hela tena kwenye kadi bila hodi na kuzirudisha ilinichukua simu tatu.

Matokeo sasa: babu wa kwanza niliyemthibitisha kaja 1635. Mayflower hayumo, nimempitia kila abiria kati ya wale 102. Mama mkwe kafurahi, kalia kidogo, kaweka mti kwenye fremu sebuleni. Thanksgiving ikafika, wageni wakakaa, nkamsikia, "sisi tulikuja na Mayflower," na fremu iko nyuma ya kichwa chake.